Mikono Iliyomuua Mama wa Mary Shelley

Ukimtaja Mary Shelley, wengi wanakumbuka Frankenstein. Mama yake, Mary Wollstonecraft, anakumbukwa kwa kitabu chake cha 1792 cha kutetea haki za wanawake. Leo tuzungumzie alivyokufa.

Agosti 30, 1797, jijini London, Wollstonecraft alijifungua mtoto wa kike akiwa na mkunga. Kondo la nyuma likagoma kutoka. Akaitwa daktari, akaingiza mkono na kulitoa vipande vipande. Siku chache baadaye mgonjwa akaanza kutetemeka mpaka kitanda kikatikisika. Mtoto akakatazwa kunyonya, wakaletwa watoto wa mbwa kumpunguza maziwa. Septemba 10 akafariki, akiwa na miaka 38.

Waliita homa ya uzazi. Leo tunaita sepsisi: maambukizi yanapouzidi mwili nguvu, mwili wenyewe ukaanza kujiharibu.

Utasema, enzi hizo nani angejua? Basi kuna mtu alijua. Mwaka 1795 daktari Alexander Gordon wa Aberdeen, Uskochi, alichapisha kitabu kuhusu ugonjwa huohuo. Aliorodhesha wagonjwa pamoja na waliowahudumia, akaona kwamba homa inafuata mikono ya wakunga na madaktari. Na hakujificha: alikiri kwamba yeye mwenyewe aliwapelekea wanawake wengi ugonjwa huo. Mji ukamchukia.

Lakini kujua njia ya ugonjwa si kujua dawa. Tiba ya Gordon ilikuwa kuwatoa wagonjwa damu kwa wingi! Mwaka 1847, kule Vienna, Semmelweis aliwaamuru madaktari wanawe mikono kwa maji ya klorini. Vifo vikashuka, ila wakubwa wengi hawakutaka kuambiwa kwamba mikono yao ni michafu. Dawa ya kweli ilifika miaka ya 1930, pale Leonard Colebrook alipowatibu wazazi wa London kwa Prontosil.

Siku hizi damu huchukuliwa na kuoteshwa maabara ili kijidudu kijulikane. Ila mgonjwa akiwa hoi, antibayotiki haisubiri majibu. Kila saa ina thamani. Kwa hiyo mzazi akipata homa na kutetemeka, msimwambie eti ni uchovu tu. Mpelekeni hospitali.

Gordon alitangulia kifo cha Wollstonecraft kwa miaka miwili. Maarifa yalikuwa yameshachapishwa. Kilichokosekana ni watu wa kukubali kwamba kosa liko mikononi mwao, na binti akakua bila kumjua mama yake.