Kibao cha Kalamu: Jina Linalofuata Kazi

Mwenye kompyuta ya mezani na kishikwambi ana vifaa viwili vinavyokamilishana. Kompyuta ya mezani ina nguvu na skrini pana, na inabeba programu za uchoraji kama Krita, GIMP na Blender, lakini mkono unaoiendesha umeshika kipanya, na kipanya hakikuumbwa kwa ajili ya kuchora. Kishikwambi kina uso unaopokea kalamu, lakini hakiwezi kubeba programu zote hizo. Ndiyo maana wachoraji, wahariri wa picha na walimu wengi huviunganisha: kalamu hutembea juu ya kishikwambi, na mstari hutokea kwenye kompyuta ya mezani.

Tukitaka kulieleza jambo hili kwa Kiswahili, tunakutana na tatizo la istilahi. Kiingereza huita tablet kile kifaa kamili tunachokiita kishikwambi, na huita tablet vilevile ule ubao bapa, usio na kompyuta ndani yake, ambao wachoraji wameutumia kwa miaka mingi. Anayetafsiri maelekezo bila kutenganisha viwili hivyo ataishia na sentensi isemayo kwamba kishikwambi kinatumika kama kishikwambi. Napendekeza kifaa hiki cha pili tukiite kibao cha kalamu. Kabla ya kulitetea jina hilo, tuangalie kwanza kazi yenyewe.

Kipanya huripoti mwendo tu. Ukikiinua na kukiweka mahali pengine mezani, kishale kwenye skrini hakihami, kwa kuwa kompyuta haijui kipanya kiko wapi. Inajua tu kimesogea kiasi gani na kuelekea upande gani. Kibao cha kalamu huripoti mahali. Kona yake ya juu kushoto ni kona ya juu kushoto ya skrini, leo na kesho, na ncha ya kalamu ikigusa katikati, kishale huwa katikati. Mkono unaweza kuizoea ramani hiyo hata macho yakiwa yanatazama skrini tu.

Zaidi ya mahali, kibao kizuri huripoti mambo mengine matatu. La kwanza ni mgandamizo: nguvu ambayo ncha inakandamiza nayo uso, inayoufanya mstari uwe mnene au mwembamba, mzito au hafifu. La pili ni kuelea: kalamu ikiwa juu kidogo ya uso bila kuugusa, kishale husogea lakini wino hautoki, na mchoraji hujua ncha itatua wapi. La tatu ni inamo, yaani pembe ya kalamu kwa uso na upande inakoinamia. Anayeandika khati za Kiarabu analijua jambo hili vizuri, kwa sababu kalamu ya tete iliyokatwa mshazari hutoa unene tofauti kila inapogeuzwa.

Vibao hivi si vipya. Mwaka 1964 watafiti M. R. Davis na T. O. Ellis wa shirika la RAND, huko California, waliueleza ubao wao ulioitwa RAND Tablet. Uso wake ulikuwa na takriban inchi 10 kila upande, na chini yake kulikuwa na wavu wa nyaya nyembamba uliotambua zaidi ya nukta milioni moja. Kalamu iliunganishwa kwa waya. Ubao wenyewe haukuwa na skrini. Mtumiaji aliandika mezani huku akitazama skrini iliyokuwa mbele yake. Baadaye kampuni ya Wacom, iliyoanzishwa Japani mwaka 1983, ilieneza kalamu isiyo na waya wala betri. Siri yake ni sumakuumeme: kibao hutoa uga, koili ndogo iliyomo ndani ya kalamu huupokea na kuurudisha, na kibao hukokotoa mahali ncha ilipo kutokana na jibu hilo. Ndiyo maana kibao cha aina hii huitambua kalamu hata kabla haijagusa uso.

Novemba 2002 Microsoft ilizindua kompyuta za kubebeka zilizoitwa Tablet PC. Nyingi zilikuwa na tabaka la Wacom nyuma ya skrini, na kwa hizo kidole hakikufanya lolote: kalamu pekee ndiyo iliyosikika. Kisha mwaka 2010 ikaja iPad, kifaa kilichojengwa kwa ajili ya kidole. Kalamu ilirudi baadaye, kwa Galaxy Note ya Samsung mwaka 2011 na kwa Apple Pencil mwaka 2015. Kwa hiyo neno la Kiingereza lilihama kutoka kwenye ubao wa kuandikia hadi kwenye kompyuta ya kushika mkononi, huku maana ya zamani ikiendelea kutumika.

Kiswahili kiliingia katika historia hii kikiwa na nafasi ya kuchagua. Neno kishikwambi limekaa vizuri kwa kompyuta bapa ya kushika mkononi, na baada ya sensa ya watu na makazi ya Tanzania ya mwaka 2022, ambayo makarani wake walitumia vifaa hivyo kukusanya taarifa, mamilioni ya watu wamelisikia. Kenya husikika pia tabuleti. Maneno yote mawili yanataja kifaa kamili chenye skrini, betri na programu zake. Tukiliongezea mojawapo sifa, tuseme kishikwambi cha kuchorea au tabuleti ya michoro, msikilizaji atadhani ni kishikwambi kamili kilichotengenezewa wachoraji. Lakini kile kinachouzwa mara nyingi kama kifaa cha wachoraji hakina skrini wala betri. Ukikichomoa kutoka kwenye kompyuta, kinakaa kimya.

Neno kibao halina tatizo hilo. Kwa Kiswahili vibao huitwa kwa kazi zake. Jikoni kuna kibao cha mbuzi cha kukunia nazi, kibao cha kusukumia chapati na kibao cha kukatia mboga. Vyuoni, katika Pwani na visiwani, watoto wameandika aya kwenye ubao wa mti na kuuosha tayari kwa somo jingine. Msemaji anaposikia “kibao cha kalamu” anapata mara moja picha ya uso bapa ulio kwa ajili ya kalamu, bila kufundishwa. Istilahi inayoeleweka kabla ya kuelezwa imeshafanya nusu ya kazi yake.

Yapo mapingamizi. Kibao ni wimbo mpya wa msanii, ni alama iliyosimikwa barabarani, na mtaani “watu kibao” ni watu wengi. Hata hivyo, Kiswahili hakijawahi kushindwa na neno lenye maana nyingi likiwa na kiambata chake. Hakuna anayechanganya kibao cha barabarani na kibao kipya cha bongo fleva. Pingamizi la pili ni zito zaidi: je, tusiseme kibao cha michoro? Nadhani hapana, kwa kuwa michoro ni tumizi moja tu kati ya mengi. Mwalimu huandika milinganyo, mhariri husahihisha picha, mwingine hutia saini. Kinachowaunganisha wote ni kalamu.

Faida kubwa ya jina hili inaonekana pale kishikwambi kinapotumikishwa na kompyuta ya mezani. Kwa kuwa kibao cha kalamu ni jina la kazi, tunaweza kuuliza swali lenye maana: je, kishikwambi hiki kimekuwa kibao cha kalamu kweli? Jibu halimo kwenye umbo lake wala bei yake. Limo katika yale kinachoyapitisha kwenda kwenye kompyuta.

Chukua njia inayoonekana rahisi kuliko zote, ya kuifungua skrini ya kompyuta ndani ya kishikwambi kwa programu za VNC. Itifaki yake ya msingi hutuma ujumbe wa baiti 6 kila kishale kinaposogea: baiti 1 ya aina ya ujumbe, 1 ya vitufe, 2 za mahali kwa upana na 2 za mahali kwa urefu. Mgandamizo hauna nafasi humo. Hata kalamu yako ikiwa na uwezo mkubwa kiasi gani, kompyuta ya mezani itapokea kipanya tu, na kila mstari utatoka na unene uleule. Wengi hudhani kalamu ni mbovu, kumbe kinachokosekana ni njia ya kuupitisha ujumbe wake.

Njia zinazofaa ni zile zinazosafirisha habari za kalamu zenyewe. Programu ya GfxTablet husoma kalamu ya kishikwambi cha Android na kupeleka mahali na mgandamizo kupitia mtandao hadi kwenye kompyuta ya Linux, ambako huundwa kibao cha kubuni ambacho programu hukiona kama kifaa cha kweli. Programu nyingine, Weylus, hutumia kivinjari cha kishikwambi, kwa sababu vivinjari vya kisasa vina kanuni ya pamoja ya kupokea mgandamizo na inamo. Kwa wenye Mac na iPad, Apple ilileta kipengele cha Sidecar mwaka 2019, na Apple Pencil ikaanza kufanya kazi moja kwa moja kwenye programu za kompyuta zinazoielewa.

Lipo pia suala la uwiano, ambalo huwasumbua wanaoanza. Iwapo kishikwambi kina uwiano wa 4:3, kama iPad nyingi, na skrini ya mezani ina 16:9, kukioanisha chote na skrini nzima hunyoosha kila kitu kwa theluthi moja kwenda pembeni. Duara ulilochora kwa mkono hutokea kama yai. Dawa yake ni kutumia robo tatu tu ya kimo cha kishikwambi na kuiacha robo inayobaki. Na panapowezekana, tumia waya wa USB badala ya Wi-Fi yenye watumiaji wengi, kwa sababu mstari unaochelewa nyuma ya ncha humvuruga mchoraji kuliko kasoro nyingine yoyote.

Si kila mtu anahitaji yote haya. Mwalimu wa hisabati anayetaka kuandika mlinganyo mbele ya darasa kupitia projekta anatosheka na mahali pekee; kishikwambi cha bei nafuu na kalamu ya mpira inayoiga kidole vinaweza kumfaa. Mchora vibonzo anahitaji mgandamizo na kuelea. Anayeandika khati anahitaji inamo pia. Kwa hiyo kibao cha kalamu kina madaraja, na anayejua majina ya madaraja hayo anajua anachonunua.

Naliweka basi pendekezo langu kwa namna ya kamusi. Kibao cha kalamu, nomino ya ngeli ya ki-/vi-: uso bapa unaoripoti kwa kompyuta mahali ilipo ncha ya kalamu, na mara nyingi mgandamizo, kuelea na inamo yake. Kikiwa na skrini yake, ni kibao cha kalamu chenye skrini. Kishikwambi kikifanya kazi hiyo, tuseme kinatumika kama kibao cha kalamu. Na anayeingia dukani kutafuta kishikwambi cha kuchorea aingie na swali moja la Kiswahili fasaha la kumwuliza muuzaji kabla ya kutoa pesa: kikiunganishwa na kompyuta ya mezani, kinapitisha mgandamizo?