Nani hupiga, nani hupigwa? Simu ya kwanza ya kamera kijijini Munje

Mwezi uliopita mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili, kijana aliyezaliwa baada ya mwaka 2000, aliniletea barua aliyoikuta katika makaratasi ya marehemu baba yake. Iliandikwa 1993. Mwandishi anamwambia mchumba wake: “Jumamosi nilipiga picha Likoni. Zikishasafishwa nitakuletea moja.” Kijana alikuwa na maswali mawili. Je, baba yake aliwahi kufanya kazi ya kupiga picha? Na hizo picha zilichafuka vipi hata zikahitaji kusafishwa?

Nilicheka. Halafu nikaona kwamba maswali yake si ya mzaha hata kidogo.

Hilo la pili ni jepesi. Enzi za filamu, picha ilipitishwa kwenye dawa, gizani, ndipo sura ikajitokeza. Kazi hiyo tuliiita kusafisha. Filamu imeondoka na maana hiyo ya kitenzi imeondoka nayo. Leo ukimwambia mtoto asafishe picha atakwenda kutafuta kitambaa.

La kwanza ndilo lenye uzito. Baba yule hakuwa na kamera. Miaka ya 1990, pale kivukoni Likoni, palikuwa na vibanda vya mbao vya wapiga picha, na ndani yake mapazia yaliyochorwa ndege, meli na majumba ya fahari. Mwanaanthropolojia wa Kijerumani, Heike Behrend, alichapisha makala kuhusu vibanda hivyo mwaka 2000. Wateja wao wengi walikuwa watu wa bara waliokuja pwani kutafuta kazi, na machafuko ya Likoni ya Agosti 1997 yaliwatawanya wengi wao. Lakini hata sisi wa kusini, wa Diani, Msambweni na Munje, tulivipitia, maana kivuko ndicho kilichokuwa mlango wetu wa Mombasa. Uliingia kibandani, ukajitazama kwenye kioo, ukachana nywele, ukachagua: leo nasafiri kwa ndege au kwa meli? Ukalipa. Ulipotoka ulisema, “Nimepiga picha.” Fundi aliyeshika kamera hakuwa na nafasi katika sentensi hiyo. Mtenda alikuwa yule aliyeketi mbele ya pazia.

Kiswahili kilikuwa na haki kusema hivyo. Uamuzi wa siku, wa nguo, wa mkao na wa nani atapewa nakala ulikuwa wa mwenye sura. Nadai kwamba simu yenye kamera ndiyo iliyoivuruga sentensi hii. Nadai kwa ujasiri kwa sababu mmoja wa wavurugaji ni mimi.

Kwanza tuitazame simu yenyewe. Neno hili tulilipata kwa Waajemi, ambao kwao sim ni waya. Lilitufaa sana kwa telegrafu, ambayo waya wake wa chini ya bahari kutoka Aden ulifika Zanzibar mwaka 1879. Fundi wa telegrafu alikuwa akipiga kweli, kidole juu ya kitufe, kwa hiyo kupiga simu hakukuhitaji maelezo. Baadaye simu ikapoteza waya ikabaki na jina la waya, wala hakuna aliyelalamika.

Kuunganisha simu na kamera ni jambo la juzi tu. Mnamo Juni 1997, huko California, Philippe Kahn aliunganisha kamera na simu yake ya mkononi akawatumia jamaa na marafiki picha ya bintiye aliyekuwa ndiyo kwanza azaliwe. Mwaka 2000 kampuni ya J-Phone ya Japani ikauza simu ya Sharp yenye kamera ndani yake. Mwaka huohuo hapa Kenya Safaricom na KenCell ndiyo kwanza zilikuwa zikigombea wateja, na wengi wetu tulikuwa bado tunashangaa kwamba mtu anaweza kuzungumza na simu huku anatembea.

Simu ya kamera ilinifikia 2004. Mdogo wangu alikuwa akifanya kazi Dubai, na alipokuja likizo aliniletea Nokia 6600, nene, yenye umbo la sabuni ya kuogea. Kioo chake kilikuwa na nukta 176 kwa 208, na picha yake 640 kwa 480, kiasi ambacho simu ya leo ingekionea haya. Nikaenda nayo Munje, kwetu, kusini mwa Msambweni, ambako wavuvi wanafuata maji na sisi wengine tunafuata wavuvi.

Nyumbani hapakuwa na umeme. Kuichaji nililazimika kuipeleka dukani Msambweni, shilingi ishirini, na kuketi hapohapo kuilinda. Jua la mchana liliua kioo kabisa, hivyo ili kuona picha watu wawili watatu walijifunika leso moja vichwani kama wanaojifukiza. Humo ndani ungesikia vicheko. Picha hazikuwa na pa kwenda. Simu ilikuwa na blutuuthi, lakini blutuuthi inahitaji mwenzake, na kijiji kizima sikumwona mwenye simu nyingine ya namna hiyo. Wachache waliokuwa na simu walikuwa na zile za tochi, Nokia 1100 na ndugu zake, ambazo Wakenya waliziita mulika mwizi. Mama yangu aliigeuzageuza yangu akauliza, “Na hii tochi yake iko wapi?” Nikamwambia haina. Akanirudishia. Kwa mtu anayekwenda uani usiku, hiyo ilikuwa simu pungufu.

Siku ya tatu nilimkuta mama jikoni, amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, leso imemteremka mabegani, kichwa wazi, mwanga wa mlangoni umemwangukia shingoni. Ilikuwa picha nzuri mno. Nilisimama nyuma yake nikabonyeza. Simu ikalia ule mlio wake wa kamera ya bandia.

“Umefanya nini?”

“Nimekupiga picha, mama.”

“Umenipiga? Kwa nyuma, kama mwizi?” Akavuta leso kichwani. “Futa, mwanangu.”

Sasa sikiliza, msomaji. Mama huyuhuyu alikuwa na picha moja tu maishani, ile ya kitambulisho. Kipande cha wakoloni, kilichoanza kutumika baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, kiliwahusu wanaume na kilitegemea alama za vidole. Wanawake wa nchi hii waliingizwa katika sheria ya kuandikisha watu mwishoni mwa miaka ya 1970. Mama alipokwenda kujiandikisha alioga, akavaa leso mpya, akaenda Msambweni kwa miguu. Aliisimulia siku hiyo mara nyingi na kila mara aliiita “siku niliyopiga picha”. Serikali ndiyo iliyomtaka, serikali ndiyo iliyokuwa na kamera, lakini yeye alisema nilipiga. Mimi niliyezaliwa tumboni mwake, nikiwa na kamera ya kuchezea, niliambiwa umenipiga.

Wanaisimu tunajua kwamba piga ni kitenzi kinachobeba kila mzigo: pasi, mswaki, magoti, hodi, chapa. Tunafundisha kwamba katika matumizi hayo ile maana ya kuumiza imefifia. Imefifia, sawa, lakini haijafa. Tia tu kiambishi cha mtendwa, ni-, ku-, m-, na uone inavyoamka. “Nimepiga picha” ni habari. “Umenipiga picha” inaweza kuwa shukrani na inaweza kuwa mashtaka. Wenye simu tumegawana kazi hata kwa kauli: nipigie, maana yake simu, nipige, maana yake picha. Silabi moja tu ndiyo inayotenganisha kuombwa sauti na kuombwa sura.

Nilibonyeza vitufe viwili vitatu mbele ya mama, simu ikatoa mlio, nikasema nimefuta. Sikufuta.

Miaka miwili baadaye kulikuwa na harusi Munje, upande wa binamu zangu. Usiku wa wanawake, mlangoni, alikaa bibi mmoja na kikapu cha ukindu. Kila mwenye simu aliitia kikapuni. Hakuuliza kama ina kamera. Nikajifanya msomi: nikamweleza kwamba ndani humo mna dada wa video, tena kalipwa, kwa hiyo kuna ubaya gani? Akanijibu bila kuinua macho kwamba kanda ya video ni moja na kabati ya kuiweka anaijua. Nilitia simu yangu kikapuni. Miaka hiyo kadi za harusi nilizopokea kutoka Mombasa zilikuwa zimekwisha kuanza kuchapishwa ombi la kutoingia na simu za kamera, na baadhi ya wenzangu chuoni waliona huo ni ushamba wa watu wanaoogopa mashine. Mimi nadhani yule bibi aliielewa mashine kutushinda. Hakuwa na ugomvi na picha. Wanawake wa pwani wamekaa mbele ya kamera za studio kwa vizazi, Zanzibar, Lamu na Mombasa, na picha zao zimo kabatini. Alichokikataa ni nakala isiyo na idadi. Ngoma ya wanawake huchezwa bila buibui kwa sababu kila aliyemo anajulikana. Blutuuthi ikishaanza kazi, aliyemo hajulikani tena.

Mama alicheza usiku ule. Alicheza vizuri sana, na hakuna picha.

Kuhusu ile ya jikoni, niliibeba miaka. Nilikuwa nikiitazama ofisini, Nairobi, mlango umefungwa. Sikuihamisha kwenye kompyuta. Kila wiki nilisema wiki ijayo. Mama alifariki 2008. Tulipokwenda kuandikisha kifo tulitakiwa kurudisha kitambulisho, kama sheria inavyotaka, na mdogo wangu akakumbuka kukitoa fotokopi kabla ya kukikabidhi. Ikatoka nyeusi tii, macho mawili na ukingo wa leso.

Nikaitafuta simu. Ilikuwa kwenye droo, imekataa kuwaka. Nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini, kijana mpole, akanirudishia kesho yake ikiwaka kama mpya. “Nimeiflashi, mama,” akasema. Kwa Wakenya wa siku zile kuflashi kulikuwa kumpigia mtu na kukata kabla hajapokea, ili akupigie yeye kwa salio lake. Nikamwuliza alimflashi nani. Akanieleza kwa upole kwamba kwa mafundi ni kufuta programu yote na kuipakia upya. Kadi ya kumbukumbu ilikuwa na nyimbo zangu salama salimini. Picha zilikuwa kwenye simu yenyewe. Simlaumu, sikumwambia kuna kitu, naye hakuulizwa. Kile alichoniomba mama mwaka 2004 kilitekelezwa miaka minne baadaye na mtu asiyemjua, na mimi nililia barabarani kama mtoto.

Nimeandika mengi kuhusu tendea na tendwa katika maisha yangu ya kazi, na katika maandishi hayo yote sikuwahi kutaja kwamba kuna kauli ya tatu iliyokuwa wazi kwangu siku ile jikoni, wala si ngumu. Ningeweza kusema: mama, tupige picha. Angevuta leso, angenung’unika kidogo kuhusu jikoni na moshi, kisha angekaa vizuri. Huenda picha ingekuwa mbaya kuliko ile niliyoiiba. Ingekuwa yake.

Desemba iliyopita nilikuwa Munje tena. Umeme upo sasa, na kila kijana ana simu inayopiga picha kuliko kamera zote za Likoni zikiwekwa pamoja. Mama mdogo, aliyepita miaka themanini, alikuwa ameketi barazani. Mpwa wangu akainua simu kumwelekea. Bibi akainua kiganja kumzuia, akafunga leso upya, akaita watu wote waliokuwa uani: “Njoni, tupige.” Tukajipanga. Akaitaka simu, akaitazama picha kwa muda mrefu, akaikunjia uso.

“Hii futa. Tupige nyingine.”

Mpwa wangu akabonyeza. Nikasogea nyuma ya bega lake, nikachungulia kioo, kuhakikisha kwamba ameifuta kweli.