Vipimo Vilivyoitwa kwa Sauti

Zamani hapa Nakuru fundi cherehani hakuandika vipimo mwenyewe. Alishika tepu, akamzunguka mteja palepale kwenye kibaraza cha duka la Mhindi, na kila namba akaiita kwa sauti mwanagenzi aiandike: kifua arobaini na mbili, kiuno arobaini na nne! Wapita njia walisikia, na mwenye kiuno cha arobaini na nne alitabasamu. Baba yangu alishona kwenye kibaraza cha namna hiyo tangu miaka ya 1950. Nami kazi nilianza kwa kumwandikia namba.

Wateja wake walikuwa makarani wa reli, iliyofika hapa mwaka 1900 na kuuzaa mji wenyewe, wapishi wa walowezi wa Njoro na Rongai, na vibarua wa mashambani waliokuja mwisho wa mwezi. Kibarua alipewa mshahara kiduchu na posho ya unga. Karani na nyapara walikula nyama. Kwa hiyo kiuno kilitaja mshahara wa mtu kabla hajafungua kinywa. Baba alikuwa na kanuni: mteja akipata kazi ya ofisini, mwachie inchi mbili ndani ya mshono wa nyuma wa suruali, maana atarudi. Na kweli walirudi, hasa baada ya uhuru, zilipoingia Kaunda suti na vitambi vyake. (Spika alipoipiga marufuku Kaunda suti bungeni mwaka 2023, nilicheka peke yangu dukani.)

Usidhani ilikuwa enzi ya upole. Aibu ilikuwepo, ila aliibeba aliyekonda. Mume akikonda, mkewe aliulizwa anampikia nini. Mke akikonda, ukoo mzima ulijua nyumba ile haina amani. Mama aliyejifungua alishindiliwa maharage meusi ya njahi na supu ya kondoo, na akitokea kanisani gauni likimning'inia, wanawake waliinamiana kunong'ona. Mabinti wembamba waliokaribia kuolewa niliwashonea marinda mengi kiunoni, kwa maagizo ya mama zao.

Kuutangaza mwili wa mtu, hata hivyo, hakukuanzia kwetu. Mwaka 1861 msafiri Mwingereza Speke alipofika Karagwe, katika Tanzania ya leo, alishika utepe akampima shemeji ya Mfalme Rumanika wa huko, mwanamke aliyeneneshwa kwa maziwa, kisha akavichapisha vipimo hivyo kitabuni ili watu wa kwao wasome. Mteja wa baba angalau aliondoka na nguo.

Mwaka 1984 ukame ulituletea mahindi ya njano kutoka Marekani, na mji ukatoboa mikanda matundu mapya. Mkikonda pamoja hakuna haya. Lakini ni mwaka huohuo mgonjwa wa kwanza wa UKIMWI alipotambuliwa nchini Kenya, na miaka ya tisini ilipoingia, neno "amekonda" likawa hukumu. Tunakaa kwenye barabara kuu ya Mombasa hadi Uganda. Malori hulala Salgaa na Naivasha, na kila mtu alikuwa na hadithi ya dereva au mhudumu wa baa.

Hapo ndipo nilipoacha kuita namba. Wateja walianza kuja jioni nikifunga duka. Suti ipunguzwe. Baada ya muda, ipunguzwe tena. Mwalimu mmoja alikuja amevaa sweta mbili ndani ya koti, akaniomba nipime juu ya sweta zote. Nilipima. Nilipolifumua koti lile nilikuta mistari ya matundu ya sindano, mmoja ndani ya mwingine: mishono yangu mwenyewe ya awali, kila mmoja umeingia ndani zaidi.

Si wote waliokonda walikuwa na virusi. Wengine walikuwa na kisukari, wengine vidonda vya tumbo, wengine walikuwa wametoka Molo nyumba zao zikiwa zimechomwa katika mapigano ya 1992. Midomo ya mji haikutofautisha. Nilimjua mama aliyeacha chama chake cha akiba, akaacha kanisa, na hospitali hakwenda kabisa, kwa kuogopa kuonekana kwenye foleni. Rais Moi alikuja kuutangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa Novemba 1999, wakati kibarazani tulikuwa tumeshazika wengi.

Dawa zilipofika, na kutolewa bure katika hospitali za umma mwaka 2006, nilianza kupanua nguo tena. Furaha ile ilikuwa na doa. Stavudini, mojawapo ya dawa za mwanzo, iliwakausha watu mashavu, mikono na miguu huku ikiwakuza tumbo na shingo kwa nyuma. Nilikuwa nikipanua kiuno na kubana mikono ya nguo ileile. Mtu amepona, lakini umbo lake linamtaja sokoni. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2009 dawa hiyo iondolewe hatua kwa hatua.

Wakati huo mitumba ilikuwa imeshateka soko. Mimi nilishona nguo imfuate mtu. Mtumba una namba yake, na mtu ndiye anayetakiwa kuifuata. Isipomtosha, anajilaumu yeye. Aibu ikahamia kwa wanene. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2014 ulionyesha kwamba thuluthi moja ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi, na sasa anayesalimiwa kwa "umenenepa, unakula nini?" hacheki tena. Wataalamu wa nchi mbalimbali walitoa tamko katika jarida la Nature Medicine mwaka 2020 wakisema kumwaibisha mnene hakumpunguzi: kunamletea msongo na kumfukuza kliniki. Mimi hilo nililiona kwa waliokonda.

Kila Januari wasichana wanaoanza shule mpya hununua sare madukani, na muuzaji huipigia kelele ghala: "Leta ile kubwa kabisa!" Namwomba kila muuza sare wa mji huu, na kila muuguzi mwenye mizani: andikeni namba kwenye karatasi, mfunge midomo.