Ijumaa Mawe Yaliponyesha Mbale

Kimondo kinachokumbukwa zaidi nchini Uganda hakikungoja usiku. Kilifika Ijumaa, tarehe 14 Agosti 1992, saa tisa na dakika arobaini alasiri. Watu wa Mbale walisikia miungurumo, na muda mfupi baadaye mawe yenye gamba jeusi yakaanza kuwaangukia, mengine mjini, mengine migombani, katika eneo la kilomita tatu kwa saba.

Kabla ya kupasuka lilikuwa jiwe moja, lililokadiriwa kuwa na kilo 400 hadi 1,000, likija kwa kasi ya kilomita 13 na nusu kwa sekunde. Kwa mwendo huo, safari ya Kampala hadi Mbale inayomchukua abiria wa basi saa kadhaa ingekwisha kabla ya sekunde 20. Lilianza kumeguka likiwa juu, zaidi ya kilomita 25, likasambaratika kabisa lilipofika kati ya kilomita 14 na 10. Hewa ikazila mbio za vipande vyake, na kutoka hapo vikaanguka kama jiwe lolote lililoachiwa kutoka juu. Ndiyo maana mvulana aliyepigwa kichwani na kipande cha gramu tatu na ushei hakuumia; tena kilikuwa kimeshagonga jani la mgomba kwanza. Kipande kikubwa kuliko vyote kilikuwa na kilo 27.4. Hicho kingempata, asingepona.

Haya tunayajua kwa sababu watu waliulizwa. Wanajiolojia wa Chuo Kikuu cha Makerere, akiwemo Ed Barifaijo, walishirikiana na Hans Betlem na wenzake kutoka Uholanzi, wanachama wa chama cha watazamaji wa vimondo kilichojengwa na watu wanaohesabu vimondo usiku kwa kupenda tu. Walikusanya maelezo ya walioshuhudia na kutia alama mahali 48 palipopigwa. Kipande kimoja kilipimwa maabara siku 12 tu baada ya kuanguka, nayo haraka hiyo ilikuwa na maana, kwani baadhi ya chembe za nunurishi ambazo jiwe huzipata angani hutoweka baada ya siku chache. Kufikia Oktoba 1993 orodha ilikuwa na uzito wa vipande 863. Kati ya kilo 190 hivi zilizofika ardhini, 150 zilipatikana. Mwelekeo wa jiwe ulikisiwa kwa kutegemea ushahidi wa aina hiyo, na ukabaki na shaka ya nyuzi 15 huku na huku.

Si vipande vyote vilivyoishia maabara. Iliripotiwa kwamba wapo waliovisaga wakavitumia kama dawa ya Ukimwi, wakiamini vimeletwa na Mungu. Habari hiyo imezungushwa duniani kama kichekesho, nami siioni hivyo. Mwaka ule, katika baadhi ya kliniki za wajawazito za Kampala, karibu wanawake watatu kati ya kumi walikuwa na virusi, na mchanganyiko wa dawa unaowapa wagonjwa uhai leo haukuwepo popote. Mtu aliyezika ndugu zake mfululizo, kisha akaona jiwe likishuka uani kwake, alikuwa na kila sababu ya kulishika kwa matumaini.

Uganda ilikuwa imepata mawe kama haya kabla: Maziba huko Kigezi mwaka 1942, na Soroti mwaka 1945.

Mtu angeweza kuihusisha ile Ijumaa na Pasidi, vimondo vinavyofikia kilele usiku wa kuamkia tarehe 13 Agosti kila mwaka. Havihusiani. Pasidi ni vumbi la nyotamkia ya Swift-Tuttle, ambayo mwaka huohuo wa 1992 ilionekana tena baada ya miaka 130. Vumbi hilo huingia kwa kilomita 59 kwa sekunde na kuteketea lote huko juu. Jiwe la Mbale lilikuwa la namna nyingine, kipande cha mwamba kilichobanduka kwenye sayari ndogo.

Kampala si mahali pa kupuuzwa kwa kazi ya kutazama vimondo. Ikiwa karibu mno na ikweta, huona vimondo vya kaskazini na vya kusini pia. Pasidi huanza kuchomoza upande wa kaskazini yapata saa sita na nusu usiku, na saa kumi na moja alfajiri ndiyo saa yake nzuri, mawingu ya ziwa yakiruhusu. Kwa anayeanza, mimi ningemshauri asubiri kiangazi cha Desemba na vimondo vya Jeminidi, usiku wa kuamkia tarehe 14. Hupanda juu zaidi, na kuanzia saa nne usiku mtu anaweza kulala chali mkekani, mbali na taa za barabarani. Simu iwekwe kando kwa nusu saa ili macho yazoee giza.

Kinachotakiwa ni daftari: saa na dakika, kimondo kimepita karibu na nyota zipi, kiling'aa kuliko nyota gani, mawingu yamefunika kiasi gani. Mmoja akiwa Kampala na mwenzake Jinja, wakakiandika kimondo kilekile, kila mmoja atakuwa amekiona kati ya nyota tofauti. Kutokana na tofauti hiyo, na umbali wa kilomita 70 hivi kati yao, kimo chake kinaweza kukokotolewa kwa hesabu za pembetatu zinazofundishwa sekondari.