Uharibikaji wa kanzidata

Uharibikaji wa kanzidata ni hali ya data zilizohifadhiwa kutosomeka, au kusomeka huku zikipingana zenyewe kwa zenyewe, ingawa hakuna aliyekusudia kuzibadilisha. Karani akiingiza bei ya shilingi 5,000 badala ya 500, hilo ni kosa la uingizaji: kompyuta imetunza sawasawa ilichopewa. Uharibikaji huanza pale kompyuta inaposhindwa kurudisha ilichokabidhiwa.

Kanzidata ni muungano wa kanzi, yaani hazina au akiba, na data. Wengine husema hifadhidata, na maana ni ileile. Kanzidata ya kimahusiano, ambayo msingi wake uliwekwa na Edgar F. Codd mwaka 1970, hupanga data katika majedwali yanayofungamana kwa funguo.

Ugumu wa istilahi hii uko kwenye neno la kwanza. Kiingereza hutumia neno moja, corrupt, kwa mla rushwa na kwa faili lisilofunguka. Mfasiri angeweza kuandika "ufisadi wa data", na kwa asili ya neno asingekuwa mbali, kwa kuwa kitenzi fisidi, chenye chimbuko la Kiarabu, maana yake ni kuharibu. Lakini neno hufuata wanaolitumia. Septemba 2007, katika viwanja vya Mwembeyanga, Temeke, Dar es Salaam, mwanasiasa Dkt. Willibrod Slaa alisoma hadharani orodha ya watu aliowatuhumu kwa ufisadi, na neno hilo likazidi kushika maana ya kuhujumu mali ya umma. Leo "ufisadi wa data" ungemfanya msomaji adhani mtu ameghushi hesabu. Mafundi wa jijini husema "data imekorapti". Wao kwa wao wanaelewana, lakini mwenye duka habaki na picha yoyote ya kilichotokea. Uharibifu nao humfanya mtu aulize nani kaharibu. Kitenzi haribika, kwa kiambishi chake -ik-, hutaja hali iliyokipata kitu bila kumtafuta mtendaji. Kwa hiyo uharibikaji ndiyo istilahi inayofaa.

Chukua duka la dawa la Mbagala linalotunza mauzo yake kwenye kompyuta moja. Umeme unakatika sekunde ileile muuzaji anapobonyeza kitufe cha kuhifadhi. Kanzidata huandika kwenye diski ukurasa kwa ukurasa: ukurasa wa programu ya PostgreSQL kwa kawaida ni kilobaiti 8, na wa InnoDB, injini ya kuhifadhi data katika programu ya MySQL, ni kilobaiti 16. Diski huandika kwa vipande vidogo zaidi, hivyo nusu ya ukurasa inaweza kubaki mpya na nusu ya zamani. Programu hizi zina kinga dhidi ya hali hiyo, lakini kinga hushindwa pale diski inapotoa taarifa kwamba imeandika kitu ambacho bado kiko kwenye kumbukumbu yake ya muda. Huo ni uharibikaji wa kimaumbile. Katika uharibikaji wa kimantiki kurasa zote zinasomeka, ila jedwali la mauzo linamtaja mteja namba 208, na jedwali la wateja halina namba 208.

Uchunguzi huanza kwa kusimamisha kazi. Kanzidata huzimwa, kisha mafaili yake yote hunakiliwa kama yalivyo kwenye diski nyingine, kwa sababu kila jaribio la kutengeneza linaweza kuongeza madhara. Ndipo husomwa kumbukumbu ya makosa na kupimwa afya ya diski yenyewe. Mwisho huendeshwa zana za ukaguzi juu ya nakala: CHECK TABLE kwa MySQL, pg_amcheck kwa PostgreSQL, DBCC CHECKDB kwa SQL Server.

Tiba hutegemea kilichoharibika. Ikiwa ni faharasa peke yake, yaani orodha ya kutafutia data haraka, hufutwa na kujengwa upya kutoka kwenye jedwali, na hakuna kinachopotea. Ikiwa ni jedwali, njia salama ni kurejesha: nakala ya akiba ya mwisho huwekwa, kisha miamala iliyofuata hupitishwa tena kutoka kwenye kumbukumbu ya miamala. Kukarabati ni jambo jingine. Ni kuokoa kinachosomeka na kukata kisichosomeka. InnoDB ina viwango 6 vya kuilazimisha kanzidata ifunguke. Kuanzia kiwango cha 4 data zinaweza kuharibika moja kwa moja, kwa hiyo hupandwa kimoja kimoja, na kanzidata ikifunguka data hutolewa na kuingizwa kwenye kanzidata mpya. Fundi anayesema "nimerejesha" ilhali amekarabati anamficha mwenye duka hasara yake.

Duka la Mbagala linahitaji betri ya akiba ya kuipa kompyuta dakika chache za kuzimwa vizuri, na nakala ya kila jioni kwenye diski isiyolala dukani. Na mara moja kwa mwezi nakala hiyo ifunguliwe kwenye kompyuta nyingine, ionekane kama kweli inasomeka.