Herufi Milioni Tatu Zisizojulikana: Kosa la Mashine au Urithi wa Watu?

Mwaka 2012 jarida la Cell lilichapisha matokeo ya kusomwa kwa vinasaba vyote vya watu 15. Watano walikuwa Wahadzabe, ambao makazi yao huanzia kando ya Ziwa Eyasi hadi bonde la Yaeda wilayani Mbulu. Watano Wasandawe, na watano wawindaji wa misitu ya Kamerun. Sarah Tishkoff wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania na wenzake walikuta tofauti milioni 13.4. Zaidi ya milioni 3 kati yake hazikuwa zimewahi kurekodiwa popote.

Sasa piga hesabu. Vinasaba vya mtu vina herufi takriban bilioni 3. Mashine inayokosea herufi moja katika kila 1,000 huhesabiwa kuwa nzuri. Ukimsoma mtu mara moja tu kwa kiwango hicho, unaondoka na makosa milioni 3, karibu sawa na ugunduzi wenyewe! Ndiyo maana kila sehemu ilisomwa zaidi ya mara 60 kwa wastani. Kosa la bahati mbaya hutokea mara moja likapotea; herufi uliyoirithi kwa mzazi mmoja hujitokeza karibu nusu ya safari zote.

Shaka hii ni ya zamani. Mwaka 1977 Frederick Sanger na wenzake, huko Cambridge, walitangaza herufi takriban 5,375 za kirusi kiitwacho phiX174. Mwaka uliofuata wakasahihisha: ni 5,386. Kirusi hicho hicho leo huchanganywa na sampuli katika mashine za kusoma vinasaba za Illumina, kwa kuwa herufi zake zinajulikana zote. Mashine ikikisoma vibaya, fundi anajua.

Alama za ubora zilikuja mwaka 1998, Brent Ewing na Phil Green walipoeleza programu yao ya Phred. Kila herufi ikapewa alama: 20 ni kosa moja katika 100, 30 ni kosa moja katika 1,000. Katika mashine za Illumina, ambazo zipo hata Moshi kwenye taasisi ya KCRI, mizunguko 25 ya mwanzo ndiyo huamua ni vishada vipi, yaani makundi ya nakala za kipande kimoja cha vinasaba, vibaki na vipi vitupwe. Kadiri usomaji unavyoendelea, alama hushuka. Nakala za kishada kimoja ni kama kwaya: baadhi huchelewa, wengine hutangulia, mwishowe sauti haieleweki.

Hata hivyo, alama peke yake haitoshi, na hapa wafugaji wa Hanang na Mbulu wanastahili heshima yao. Kwa utafiti uliotoka mwaka 2007, Tishkoff na Thomas Nyambo wa Muhimbili walifanya kazi na Wabarabaig, Wairaqw, Wahadzabe na wengine wengi. Waliopimwa Tanzania, Kenya na Sudan walikuwa 470. Mtu alikunywa gramu 50 za sukari ya maziwa iliyoyeyushwa kwenye maji, kisha akachomwa kidole kila baada ya dakika 20 kwa saa nzima. Sukari ya damu ikipanda, tumbo lake linayeyusha maziwa. Herufi ya Wazungu ya kuyeyusha maziwa, iliyogunduliwa Finland mwaka 2002, haikuelezea uwezo huo. Badala yake zikaonekana nyingine tatu, mojawapo C-14010, iliyoenea Tanzania na Kenya. Ugeni wake haukuifanya kosa: damu ya kidole ilikuwa imeshaishuhudia.

Luxmanda, kwenye nyanda za juu za Mbulu, mambo yaligeuka. Mifupa ya mtu aliyezikwa pale miaka 3,100 hivi iliyopita ilisomwa, na matokeo yakatoka mwaka 2017. Vinasaba vya kale huchakaa miishoni: herufi C husomeka kama T. Katika sampuli mpya hilo ni doa, lakini kwa mfupa wa kale ni ushahidi kwamba vinasaba ni vya marehemu, si vya mchimbaji aliyeushika. Ukaguzi wa namna hiyo ndio unaotuwezesha kuamini kwamba takriban asilimia 38 ya asili ya mtu yule inahusiana na wakulima wa kale wa Mashariki ya Kati.