Mlango wa Chuo Kikuu na Funguo Zake

Vijana wengi hudhani ya kuwa safari ya chuo kikuu huanza siku ile majibu ya mtihani wa mwisho yatangazwapo. Sivyo. Safari hiyo huanza miaka miwili au mitatu kabla, siku mwanafunzi aulizwapo na mwalimu wake, "Je, utashika masomo gani, na utaacha yapi?" Jibu alitoalo kwa dakika chache humfuata kwa miaka mingi. Basi yafaa, msomaji, tuitazame historia ya jambo hili katika nchi ya Kenya, hasa kwa jicho la mtoto wa pwani ya Ziwa Victoria. Historia hiyo yatufundisha kwamba masharti ya kuingia chuo kikuu yamebadilishwa mara nyingi, na kila mara yalipobadilishwa, walioumia zaidi ni wale ambao habari haikuwafikia mapema.

Tuchukue mfano wa Pap Onditi. Huu ni mji mdogo katika nchi ya Nyakach, kusini ya Kisumu, ukiisha kuuvuka uwanda wa Kano. Watu wa huko ni wakulima, wafugaji na wachuuzi wa sokoni. Katika nchi hiyo mto Sondu-Miriu hushuka kutoka milimani kwenda kumwaga maji yake katika Ghuba ya Winam, na katika bonde la mto huo kimejengwa kituo cha umeme chenye nguvu ya megawati 60. Maji yameelekezwa ndani ya handaki refu chini ya ardhi, kisha hushuka kwa nguvu na kuzungusha mitambo. Mtoto aonaye kazi kama hiyo husema moyoni mwake, "Nami nitakuwa mhandisi." Hiyo ni nia njema kabisa. Lakini nia peke yake haimfikishi mtu, na sababu yake tutaiona katika historia.

Zamani za babu zetu hapakuwa na chuo kikuu hata kimoja katika Afrika Mashariki. Huko Nyanza, wamisionari wa Kianglikana walifungua shule ya Maseno katika mwaka wa 1906, nayo ikawa chimbuko la wasomi wengi wa nchi ile. Mwaka wa 1922 serikali ya Uganda ilifungua shule ya ufundi huko Makerere, ikiwa na wanafunzi 14 tu, waliofundishwa useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo. Shule hiyo ndogo ilikua mwaka hata mwaka, mpaka ikawa chuo kikubwa kilichopokea vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Jaramogi Oginga Odinga, aliyekuja kuwa makamu wa kwanza wa rais wa Kenya, alipita njia hiyo: alisoma Maseno, kisha Alliance huko Kikuyu, kisha Makerere, akarudi Maseno kufundisha.

Mwaka wa 1949 Makerere ilifungamana na Chuo Kikuu cha London, na wanafunzi wake wakaanza kusomea shahada za London. Hapo ndipo sharti la kuingia lilipokaza. Mitihani ya shule zetu ilitungwa na kusahihishwa Cambridge, na shahada zilitoka London. Kwa hiyo kipimo cha mtoto wa Nyanza kiliwekwa na watu waliokaa ng'ambo, mbali sana na shamba la baba yake. Sharti moja lilikuwa kali kupita mengine. Kijana aliweza kushinda vizuri sana katika hesabu na sayansi, lakini kama hakupata krediti katika somo la Kiingereza, hakuingia Makerere. Kufaulu tu katika Kiingereza hakukutosha. Tazama basi jinsi somo moja lilivyoweza kuzuia masomo mengine yote.

Kwa wasichana mambo yalikuwa magumu zaidi. Makerere haikuwapokea wanawake mpaka 1945, walipoingia sita tu. Na katika shule nyingi za wasichana wakati ule mafundisho yaliyotiliwa mkazo yalikuwa kushona, kupika na kutunza nyumba. Hata kama chuo kingewakaribisha kwa mikono miwili, wengi wao hawakupewa masomo ya kuwafikisha huko. Hilo ni fundisho kubwa, msomaji, nami naomba ulishike: mtu aweza kunyimwa chuo kikuu bila ya kukataliwa na chuo chenyewe; yatosha kunyimwa somo angali shuleni.

Miaka ya 1950 iliposhika mwisho, vijana waliokuwa na vyeti walikuwa wengi kuliko nafasi. Chuo cha Ufundi cha Kifalme kilifunguliwa Nairobi mwaka wa 1956, lakini hakikutosha haja. Ndipo Tom Mboya, ambaye jamaa zake ni watu wa kisiwa cha Rusinga, alipotafuta msaada Marekani. Mwezi wa Septemba 1959 wanafunzi 81 walipanda ndege Nairobi kwenda kusoma huko, na kufikia 1963 waliosafirishwa kwa mpango huo walikaribia 800. Vyuo vya Marekani vilikuwa na kipimo chao wenyewe, wala havikudai yote yaliyodaiwa na London. Hivyo watu waliokwama hapa kwetu walipokewa kule, wakasoma, wakarudi kuwa walimu, wakuu wa serikali na wataalamu wa nchi mpya. Hapo twaona kuwa sharti la kuingia chuoni si kipimo cha akili ya mtu; ni kanuni iliyowekwa na wanadamu. Lakini maadamu ipo, hapana budi kuijua.

Baada ya Uhuru, njia ilikuwa hivi: miaka saba ya shule ya msingi, minne ya sekondari, miwili ya Kidato cha Tano na cha Sita, kisha mitatu ya chuo kikuu. Mwanafunzi aliyefika Kidato cha Tano alichagua masomo yapatayo matatu, na ili aingie chuo kikuu ilimlazimu kufaulu walau mawili kwa daraja ya juu. Shule zenye vidato hivyo zilikuwa chache, na watoto wengi waliishia Kidato cha Nne. Chuo cha Nairobi nacho kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki tangu 1963, hata kikasimama peke yake kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi katika 1970.

Mwaka wa 1981 tume iliyoongozwa na Profesa Colin Mackay, Mkanada, ilishauri kianzishwe chuo kikuu cha pili, na mpango wa elimu ubadilishwe. Chuo Kikuu cha Moi kikaanzishwa 1984, na mwaka uliofuata ukaanza mpango wa 8-4-4: minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo kikuu. Kidato cha Tano na cha Sita vikafutwa. Mwaka wa 1989 ulikuwa mwaka wa pekee, maana kundi la mwisho la Kidato cha Sita na kundi la kwanza la mtihani mpya wa KCSE walimaliza pamoja. Makundi hayo mawili yakagombea nafasi za vyuo katika 1990, na vyuo vikajaa kupita kiasi.

Mpango huo ulileta badiliko jingine ambalo halikusikika kwa kishindo, nalo ni kwamba Kiswahili kilifanywa somo la lazima la mtihani, msingi na sekondari. Mtoto wa Nyakach, ambaye nyumbani husema Kiluo na darasani hufundishwa kwa Kiingereza, alijikuta lugha aliyoizoea sokoni na katika matatu imeingia katika hesabu ya alama zake. Aliyeidharau ilimponza, aliyeishika ilimwinua.

Sasa tuje katika kanuni zenyewe, kama zilivyowekwa kwa wanafunzi wa KCSE. Kila somo hupewa alama, kuanzia 1 kwa daraja ya E mpaka 12 kwa daraja ya A. Masomo saba hujumlishwa, na jumla kubwa kabisa ni 84. Ili mtu asomee shahada, wastani wake hauna budi kuwa C ya kujumlisha au zaidi, yaani alama 46 na kwenda juu. Wengi hukomea hapo, wakadhani wameyajua yote. Lakini kila kozi ina masomo yake manne yanayotazamwa peke yao, ambayo jumla yake kubwa ni 48, na mengine yana daraja ya chini iliyowekwa. Wanaogawa nafasi, ambao tangu 2014 ni KUCCPS badala ya ile Bodi ya Pamoja ya zamani, hutazama jumla ya masomo saba na ya yale manne pia.

Hebu tuwaze wanafunzi wawili wa Kidato cha Nne, wote wenye alama 67, yaani B ya kujumlisha. Wa kwanza amepata Hesabu 11, Fizikia 11, Kemia 10, Jiografia 10, Biolojia 9, Kiingereza 8 na Kiswahili 8. Wa pili amepata Historia 12, Kiswahili 11, Elimu ya Dini 11, Kiingereza 10, Biolojia 9, Hesabu 7 na Kemia 7. Jumlisha mwenyewe, utaona kwamba wako sawasawa. Je, wana haki sawa ya kuchagua? Hata kidogo. Wa pili hawezi kusomea uhandisi, kwa kuwa aliiacha Fizikia, na uhandisi hautaki udhuru katika jambo hilo. Wa kwanza naye hawezi kusomea sheria, kwa sababu sheria yataka B, yaani alama 9, katika Kiingereza au Kiswahili, naye ana 8 katika zote mbili. Alama moja tu ya lugha imemzuia! Kila mmoja ameshinda mtihani, lakini kila mmoja anayo kazi asiyoweza tena kuisomea.

Hapa ndipo jambo hili linapomgusa hasa mtoto wa shule ndogo ya kutwa. Baada ya Uhuru wananchi wengi walijenga shule kwa harambee, wakitoa fedha, mawe na jasho lao. Ilikuwa kazi ya kusifiwa. Lakini maabara ni ghali, na walimu wa Fizikia ni wachache. Kwa hiyo, mwisho wa Kidato cha Pili ulipofika, katika shule nyingi za mashambani wanafunzi waliambiwa wachague sayansi mbili, na iliyoachwa mara nyingi ilikuwa Fizikia. Waliiacha kwa kuwa ni ngumu, au kwa kuwa rafiki zao wameiacha, au kwa kuwa hapakuwa na wa kuwafundisha. Yule aliyetazama mitambo ya Sondu-Miriu na kutamani uhandisi, siku ile ile aliuaga uhandisi bila kujua. Miaka miwili baadaye aliposoma orodha ya masharti, majuto yakawa mjukuu.

Hata hivyo, asikate tamaa aliyekwisha kosa. Zipo kozi za stashahada ambazo hupokea hata mwenye C ya kutoa, na mtu aweza kupanda kutoka cheti hadi stashahada, na kutoka stashahada hadi shahada. Njia hiyo ni ndefu, wala si ya aibu, na mafundi wengi wazuri wameipita. Lakini afadhali mtu aipite kwa kuichagua, asiipite kwa kutojua.

Mpango wa 8-4-4 wenyewe unafikia ukingoni, na mtihani wa mwisho wa KCSE umepangwa kuwa wa 2027. Kundi la kwanza la mpango mpya lilianza Gredi ya 10 mwezi wa Januari 2026. Katika mpango huu mwanafunzi huchagua mkondo mmoja kati ya mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, au sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Tena si kila shule yenye mikondo yote mitatu. Maana yake ni kwamba uchaguzi umesogezwa karibu zaidi na utoto. Zamani kijana aliamua akiwa Kidato cha Tano, baadaye akiwa Kidato cha Pili, na sasa kabla hajaingia Gredi ya 10. Kadiri siku ya kuamua inavyosogea mbele, ndivyo habari inavyotakiwa kumfikia mapema.

Basi wewe usomaye haya, fanya mambo matatu. Kwanza, taja kazi mbili au tatu uzipendazo, si moja, maana moyo wa kijana hubadilika. Pili, uliza masomo yatakiwayo kwa kila moja, na daraja zake. Uliza kwa mwalimu, soma matangazo ya vyuo vyenyewe, wala usitosheke na maneno ya barazani. Tatu, yalinganishe na masomo yafundishwayo shuleni kwako, na kama kuna pengo, mwambie mzazi na mwalimu mkuu wakati bado upo. Na uonapo mashaka, usiache Hesabu wala lugha, kwa maana hizo hutazamwa karibu kila mahali.

Kijana wa Nyanza wa miaka ya 1920 alipanda meli Kisumu, akavuka ziwa hadi Port Bell ili afike Makerere. Leo mtoto wa Pap Onditi aweza kupanda matatu asubuhi na kufika Chuo Kikuu cha Maseno, kilichopata cheo hicho kamili mwaka wa 2001, kabla ya adhuhuri. Safari ya miguu na ya meli imefupishwa na wale waliotutangulia. Safari ya masomo haikufupishwa, nayo yaanza siku uulizwapo utashika masomo gani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Naye atakaye chuo kikuu, sharti ayajue masharti yake angali ana nafasi ya kuyatimiza.